Safu ya Nne

Daftari nililinunua Nyawera, jalada la bluu, limelowa pembe.
Nikapiga mistari kwa kipande cha ubao:
jina, kifaa utakacholeta, namba ya simu,
na safu ya nne, kwa wino mwekundu:
wa kuarifiwa ukiumia.

Jumamosi ya kwanza walikuja kumi na mmoja.
Ntakwinja, mjane, na jembe lisilo na mpini.
Murhula, fundi wa viatu, hajaoa,
na ukimuuliza kwa nini, anakupandishia bei.
Nshobole, aliyerudisha ng'ombe wa mahari yeye mwenyewe,
akiwaswaga toka Kadutu hadi Walungu, siku mbili, bila kulia.
Na Mwalimu Buhendwa, amevaa tai,
kwa kuwa alisikia kuna wanawake.

Kazi ilikuwa ngazi ya Cimpunda:
vidato sitini na vitatu vya udongo, mvua imevitafuna,
na watoto huteremka hapo na madumu matupu,
hupanda wakiyasukuma kwa goti.

Nilidhani kuongoza ni sauti.
Nikapaza. Kila mtu akachimba alipopenda.
Kufika saa nne tulikuwa na mashimo kumi na moja
na kidato hata kimoja hakuna.
Mama mmoja akapita, beseni la sambaza kichwani,
akatutazama, akasema:
"Hii ndiyo salongo ya wasio na wao?
Basi ndiyo maana."

Ntakwinja ndiye aliyecheka kwanza,
akacheka hadi akakaa kwenye shimo lake.

Jumamosi ya pili nilinyamaza.
Nikawapanga wawili wawili: mwenye nguvu na mwenye subira,
anayejua mawe na anayejua matope.
Buhendwa akauliza mbona hayuko na Nshobole.
Nikamwambia, yeye anachimba, wewe hesabu mifuko ya mchanga.
Akahesabu. Akagundua tunaibiwa miwili kila wiki.
Tai akaivua, akaifunga kwenye mpini wa Ntakwinja uliolegea.
Methali ya kidole na chawa nilimkataza.

Kuna jambo sikuambiwa na mtu.
Waliooa, saa sita ikigonga, kazi hujikata yenyewe:
mtoto wa kuogeshwa, mkwe wa kupokelewa.
Kwetu, jembe haliwekwi chini.
Mtu huosha koleo lililokwisha kuoshwa,
hukunja mfuko, huukunjua, huukunja tena,
huuliza kama wiki ijayo ni Jumamosi.
Nikaanza kuleta bugari na lengalenga.
Si kwa ajili ya njaa.
Kwa ajili ya sahani, ziwepo za kuosha.

Safu ya nne ilibaki nyeupe hadi chini.
Ntakwinja aliandika Mungu;
nikamwambia namba yake hatuna.
Murhula aliandika mwenye nyumba wake,
"huyo atataka kujua kama kodi imekatika."
Wengine walipitisha kalamu kwa jirani
kama mtu anayepitisha sahani ya mchango kanisani
bila kutumbukiza kitu.

Novemba, kidato cha arobaini na moja,
Murhula akateleza na jiwe mkononi.
Mguu ukageuka ulikotoka.
Nshobole alimbeba mgongoni hadi barabara kubwa
akimtukana njia nzima, taratibu, asije akasinzia.
Hospitalini wakauliza: nani wake?
Tukatazamana, watu tisa wenye matope hadi kiunoni.
Muuguzi akachoka, akaandika: hawa.

Jumatatu nimelifungua daftari.
Sijui lilipita mikononi mwa nani.
Safu ya nne ina mwandiko wa kila namna,
na namba yangu imo mara saba.
Hakuna aliyeniomba ruhusa.
Buhendwa ameandika hata jina la ukoo wangu, amelikosea.

Mstari wangu mwenyewe uko juu kabisa, wa kwanza.
Kalamu ninayo tangu jioni.
Umeme umekatika Kadutu yote;
nasoma kwa mwanga wa simu
ambayo siku hizi siizimi.