Maua ya Kuvunjika

Harusi ni Agosti. Sasa ni Februari,
na Eirlys keshaanza kutengeneza maua.

Hapa Blaenau mvua hainyeshi, inakaa.
Inakaa juu ya paa la mawe, inakaa ndani ya soksi,
na sukari, asema yeye, ina masikio:
husikia unyevu ungali mlangoni.
Basi birika limefukuzwa jikoni.
Chai naichemshia gereji, katikati ya misumari,
mzee wa miaka sabini na mmoja,
mkimbizi wa mawaridi.

Analikanda donge mpaka liache kunata,
analisukuma mpaka lipitishe mwanga,
anakata petali, anazilainisha ukingo kwa kijiti,
kisha anazilaza kwenye vijiko vya supu
zijifunze kupinda.
Vijiko vyetu vyote viko kazini tangu Jumanne.
Supu tunaipiga kwa vikombe.

Mbona mapema hivi, nilimuuliza.
"Akiba haiozi.
Ua la sukari likikauka halina njaa, halina maswali.
Si kama wewe."

Lakini nina macho.
Niliona Krismasi kikombe kikigonga kisahani,
kikigonga, na yeye akicheka kwa sauti kukizidi.
Nimeona mwandiko wake kwenye orodha ya dukani
ukisinyaa wiki baada ya wiki,
hadi "maziwa" likawa mstari wa sisimizi.
Daktari wa Bangor alisema nasi taratibu,
kama mtu anayelaza petali kijikoni.

Zipo asubuhi njema.
Kati ya kidonge cha saa moja na saa nne hivi
mkono humrudia kama paka arudivyo nyumbani,
bila kueleza alikolala.
Saa tatu hizo ndizo bustani yake.

Kazi yangu ni lebo.
*Waridi jeupe, kumi na mawili. Lowri. Agosti.*
Boksi la viatu, si la plastiki:
ndani ya plastiki ua hutoa jasho, likalegea.
Si kwenye friji. Si dirishani,
pinki itapauka iwe rangi ya mgonjwa.
Chini ya kitanda chetu, penye giza na ukavu,
palipokuwa na viatu vyangu vya machimboni.

Machi ikaingia, ya Lowri yakatimia, hakukoma.
"Andika: daisi za manjano, ishirini. Ubatizo."
Ubatizo wa nani?
"Wa atakayekuja."
"Andika: zambarau, tisa. Harusi ya Ifan."
Ifan hana mchumba. Ifan ana pikipiki.
"Andika."
"Majani ya dhahabu, hamsini."
Hapo nikahesabu kwa vidole, kimyakimya.
Hamsini yetu inatimia mwaka wa nne kuanzia sasa.
Niliandika. Kalamu ikatetemeka,
na mgonjwa si mimi.

Sasa tunalala juu ya sherehe ambazo hazijazaliwa.
Nikijigeuza, najigeuza polepole.

Jana usiku nilikuwa natafuta kandambili gizani,
mguu ukapiga boksi. Sauti ndogo,
kama mtu amevunja ukucha.
Nikapapasa, nikaiokota petali,
nikaitia mdomoni kuficha ushahidi.
Ilikuwa ngumu kama kigae, kisha tamu,
tamu tu, haina harufu ya kitu chochote.

Juu yangu, kitandani:
"Umevunja ngapi?"
Moja.
Mvua ikakaa kidogo.
"Vuta boksi la mwisho, ukutani. Lile lisilo na lebo."

Nililifungua kwa mwanga wa simu.
Karatasi laini, na chini yake mawaridi sita meupe
yasiyo na harusi, yasiyo na mwaka.

"Hayo ni ya kuvunjika," akasema.
"Nilianza na hayo. Naijua miguu yako.
Toa moja, rudisha boksi ukutani,
na futa sukari hiyo kwenye ndevu."