Anayefuata

Kaunta namba nne, Michenzani,
karibu na mlango, pale kiyoyozi kinapovuja,
maji yanatona kwenye ndoo ya rangi tangu Shaaban.
Hapo ndipo nisimamapo.
Nasema nisimamapo, maana viti viliondolewa:
mkubwa alishuka siku moja kutoka ofisini,
akatutazama, akasema tumekaa kama wageni harusini.
Siku ya pili havipo.

Tiit. Maziwa ya kopo.
Tiit. Mafuta ya zeituni, chupa ya kijani,
bei yake siku zangu mbili na nusu.
Hesabu hii sikuitafuta,
yenyewe hunijia vidoleni kama upele:
tiit, asali ya Yemen, wiki nzima ya Zuwena;
tiit, jibini la kunuka,
karibu nusu ya kodi ya chumba Jang'ombe.

Mteja hana kosa. Ana watoto, ana sikukuu,
ana haki ya kula anachopenda.
Wala sisemi tajiri asitajirike.
Tawi la saba lilipofunguliwa Fumba,
maputo, kasida, keki yenye nembo,
nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.
Nauliza tu:
keki ile ilikatwa kwa kisu gani
hata sisi ikatufikia sahani?

"Sisi hapa ni familia," hutwambia.
Haya. Kwetu Wete, katika familia,
anayepika haulizwi kama anastahili kula.
Na mtoto akivunja kikombe hakatiwi chakula.
Lakini droo yangu ikipungua elfu tatu,
elfu tatu hiyo ina jina langu.
Ikizidi, haina jina.

Salhina wa mikate ndiye aliyeanza.
Alikuja stoo, baina ya magunia ya basmati,
fomu ameikunja ndani ya mfuko wa boflo,
bado ina joto, ufuta umeganda pembeni.
"Chama," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.
Mcha wa mizigo akacheka:
"Nje kuna vijana arobaini wana vyeti,
wanaingoja miguu yako ichoke."
Hakuna aliyemjibu. Kweli haijibiwi.
Naye mwenyewe kiuno amekifunga kanga ya mkewe
tangu siku ya lile friji.

Mimi nilifikiri ada ya Ilham.
Nikamfikiri mama, simu yake ya kila Ijumaa,
"Kazi vipi, mwanangu?" "Alhamdulillahi,"
neno moja linabeba yote, na uongo umo.
Nikafikiri kifundo cha mguu wa kushoto
kinavyovimba magharibi hadi kiatu hakikubali.
Mtu hufikiri mengi baina ya magunia ya mchele.

Beji yangu haina jina.
Imeandikwa: Nikusaidie nini?
Fomu ilikuwa na mstari: Jina kamili.
Sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa.
Kalamu ilikataa. Tukaitikisa, tukaipumulia.
Zuwena, nikaandika, Khatib, Shaame,
mimi, na baba, na babu
aliyebeba magunia ya karafuu
kwa ujira uliopangwa na mwengine,
herufi zikatoka nene, mbaya, kama za mtoto wa chuoni.

Sikuhisi ushujaa. Nilihisi kiu.
Mbele wananiita, foleni imefika kwenye sabuni.
Nikamtazama Mcha. Ameacha kucheka,
anafuta mikono kwenye suruali,
polepole, mara mbili.
Nikamnyooshea kalamu,
nikasema lile nisemalo mara mia tatu kwa siku,
kwa sauti ile ile, wala sikuipandisha:

Anayefuata.