Daftari la Banda

Jogoo alishuka Isyonje juu ya magunia matupu,
lori la viazi likirudi kutoka Singida,
miguu imefungwa kamba ya katani,
shingo ameinyoosha kama mtahiniwa
anayetafuta jina lake ubaoni.
Kuchi. Gwakisa dereva alinikabidhi kwa mikono miwili:
"Mwalimu, huyu usimpandishe darini, atakuja na dari."

Mama mkwe akamzunguka mara moja.
"Refu hili linakula debe. Linataga lini?"
"Ni jogoo, mama."
"Najua ni jogoo. Nauliza ukoo wake."

Alikuwa na haki. Kwa akina Kuchi
yai huja kama mgeni wa mbali, na huja peke yake.
Kuku wake yeye ni wadogo, ngumi mbili na manyoya,
weusi wenye madoa ya jivu,
wanataga nyuma ya kihenge tangu kabla sijaolewa,
mayai kumi na tano, kisha wanakaa juu yake
na hata moshi wa jikoni hauwaondoi.
Ila mchinje mmoja: wageni watatu
watabaki wakitazamana juu ya sahani.

"Damu haichanganywi," akasema.
Mimi Mkinga wa Makete, niliyeletwa huku na ndoa,
sikujibu. Nilimtazama mjukuu wake
akikimbiza vifaranga uani:
pua ya kwao, hesabu za kwetu.

Nikafungua daftari lililobaki shuleni.
*Machi. Mvua. Mitetea sita, jogoo mmoja.*
Majogoo wa zamani niliwauza wawili;
wa tatu alitoroka asubuhi ya mnada
na hakuonekana tena.

Usiku nikamulika mayai kwa tochi ya simu:
mishipa imetanda
kama mito kwenye ramani ya darasa la tano.
Viza nne, nikazika chini ya mgomba.

Juni ikaja na ukungu wake wa kukata masikio.
Chungu cha makaa katikati ya banda,
vifaranga thelathini na wanne wamekizunguka
kama wazee msibani.
Mwewe alichukua mmoja. Kicheche, watatu, kwa usiku mmoja.
Mdondo uliposikika ng'ambo ya bonde
tulichanja kwa taa, tone moja jichoni,
mama mkwe ameshika karai na kunong'ona kila mara: "Amina,"
kama tuko ubatizoni kwa Wamoraviani.

Mwezi wa tano wa umri wao
nikawapandisha mapora kwenye mizani ya viazi:
kilo mbili na robo, mbili na nusu.
Nikapiga mstari chini kwa rula.
Lakini dada zao!
Walitaga, ndiyo, mayai ya kujaza kiganja,
kisha wakasimama kando wakiyashangaa
kama vitu vya mtu mwingine.
Hakuna aliyekalia hata moja.

Nikakaa na daftari hadi koroboi ikakohoa.
Nilihitaji kurudi nyuma nusu hatua,
damu ya kihenge iingie tena,
na jogoo wa kihenge nilikuwa nimemuuza
kwa bei ya sukari.

"Unamtafuta nani?" mama mkwe akauliza.
Akaninyanyulia tenga jikoni kwake.
Mweusi, madoa ya jivu, amenenepa
kwa miezi minane ya pumba za siri.
Alinitazama kama mtu anayenidai.

Sasa ni Machi nyingine.
Tembe mmoja, uzi mwekundu mguuni,
mzito kwapani kama gunia la mbegu,
ametaga kumi na nane, amekaa.
Nilimsogelea, akanidonoa mpaka damu.
Mama mkwe alicheka akashika ukuta.

"Umeandika ukoo wake?"
"Nimeandika. Kwa baba, Singida."
"Na kwa mama?"
Nikanyamaza, kalamu hewani.
"Andika Anyosisye," akasema. "Herufi kubwa."

Nikaandika, kwa wino mwekundu wa kusahihishia.