Kipande cha Kopo

Ilifika Machi, imeviringishwa katika magazeti ya mwaka mwingine,
imepakwa grisi nzito, rangi ya asali iliyoungua,
na harufu ya ghala: chuma, panya, karatasi.
Nilitia saini. Dereva akauliza, "Mama, ni bomba?"
Nikamjibu, "Lilikuwa."

Nimetengeneza breki za treni miaka thelathini na mmoja
katika karakana ya Kajaani.
Sijawahi kuogopa kitu chenye skrubu.
Lakini bolti hii iligoma. Nilivuta, ikaguna;
nikavuta tena, ikanyamaza kabisa.

Basi Jumamosi nikaipeleka sauna.
Ndiyo, benchi la juu, pembeni yangu, juu ya taulo kuukuu,
mtutu umeelekea ukutani kwa adabu.
Nikanyunyiza maji kidogo kwenye mawe. Tukatoka jasho sote wawili,
langu la chumvi, lake la miaka themanini,
jeusi, likidondoka tone tone kwenye beseni,
na chini yake zikajitokeza namba, nyota, mihuri,
muhuri wa jeshi moja juu ya muhuri wa jeshi jingine,
adui akimfuta adui jina kwa nyundo.

Mbao zake ni mbili. Mbele mjozi,
uliokuja na waliokuja kutuua.
Nyuma mbetula, ya kwetu, nyeupe.
Zimeumanishwa kwa meno, kidole ndani ya kidole,
kama mikono ya mahasimu waliolazimishwa kusali.
Gundi bado imeshika. Sikuigusa.

Mpwa wangu Jalmari alikuja na keki na maoni.
"Toboa hapa, tufunge darubini.
Kitako cha plastiki, chepesi. Miguu miwili ya kukunja.
Au usiguse kitu: wakusanyaji wanalipia hata kutu."
Nikamwambia ale keki.
Nina miaka sitini na tisa. Shabaha ya mita mia
naiona kama maziwa yaliyomwagika.
Sikununua bei, wala sikununua vita.
Nataka kitu nitakachokiuliza swali moja kila Jumapili
kinijibu kweli.

Nikafungua skrubu mbili za chini. Chuma kikainuka kitandani mwake,
na pale, palipokuwa na giza tangu enzi za mama yangu,
palilala kipande cha bati, ukubwa wa ukucha wa dole gumba,
kimekatwa kwa mkasi, kimekunjwa mara moja.
Nikakisugua kwa spiriti. Kikasema: AHV.
Katikati ya neno *kahvi*. Kopo la kahawa,
na miaka ile kahawa haikuwapo,
mama alikaanga mizizi akaiita kahawa, tukaitika.

Fundi fulani, vidole vimekufa ganzi,
aliona mtutu unalala vibaya,
akatafuta kitu chembamba, akakikuta mezani:
kopo tupu walilokuwa wakilinusa kwa zamu.
Simjui. Huenda alikufa wiki ileile.
Huenda alizeeka akitengeneza baiskeli Iisalmi,
mkali kwa watoto.

Springi ya kifyatulio niliibadilisha, nakiri.
Na kilengeo cha nyuma nikakivua, nikakifunga katika soksi,
nikaweka kipya chenye tundu, la kuchungulia kwa macho ya bibi,
kimebanwa tu, hakuna palipotobolewa.
Mafuta ya kitani kwa kiganja, leo, kesho, mtondo,
hadi mbetula ikawa rangi ya chai.

Kile kipande?
Kwanza nilikata cha shaba, safi, nikakipima kwa mikromita.
Risasi tano zikatawanyika kama vifaranga walioona mwewe.
Nikarudisha bati la kopo.
Tano zikakaa ndani ya kisahani.

Jalmari aliitazama karatasi kwa muda mrefu.
"Bahati," akasema.
"Bahati iliyokatwa kwa mkasi," nikamwambia,
nikainama, magoti yakilia, kuokota maganda thelujini.