Kontena la Siku Mbili

Aliyepokea simu aliniuliza kwanza
kama tuna geti.
Nikamwambia hatuna.
Ua, basi? Pa kuegesha gari, popote pale?
Bwana, nikasema, mlango wetu ukifunguka
unagonga kibaraza cha Bi Zuena.
Jeneza la mama, kwenye kona ya pili,
liliinuliwa juu ya vichwa
maana mabegani halikupinda.
Akanyamaza. Akasema, poleni.
Kisha akasema, basi litakaa barabarani,
na barabarani ni kibali, na kibali ni kaunti,
na kaunti ni Jumatatu.

Twaha akapima uchochoro kwa futi ya fundi:
mita moja na robo penye bomba la maji machafu,
moja na nusu penye cherehani ya Fuadi.
Kontena, mita mbili kasoro.
Hata ukilipaka samli, akasema, halipiti.

Likaja Jumatano, la manjano, limeoza pembe,
likateremshwa kwa minyororo pale Ndia Kuu,
na paka wote wa Kibokoni wakaja kulikagua.
Siku mbili, akasema Mutinda, dereva.
Likivuka ukingo, silibebi.

Tukamkodi Kombo na mkokoteni wake,
na mkokoteni nao ukakwama kwa Fuadi,
ikawa ni kichwa mpaka kona, kutoka kona ni magurudumu.
Kila safari Kombo alitia kijiwe mfukoni
ili jioni tusibishane.
Boriti zilizoliwa na mchwa zikabaki ganda.
Televisheni yenye kisogo.
Madumu, mafeni, sanduku la dawa zilizopitwa na wakati,
kila chupa na jina la mama kwa mkono wa daktari.
Godoro la sufi lenye ramani
za mikojo yetu sote watano.
Mbuzi ya kukunia, iliyokatika jino moja;
hiyo niliishika kidogo,
Twaha akasema, mna mashine sasa,
nikaiachia.
Vijiwe thelathini na saba.
Mfuko wa Kombo ulikuwa ukining'inia kama titi.

Tukalala kama waliopigwa.

Asubuhi kontena limejaa pomoni
na chetu hakimo.
Mna choo cha kukalia, cheupe, kizima,
mna friji isiyo mlango,
magunia ya kifusi, makumbi ya madafu,
na sanamu ya dukani, haina kichwa,
imekaa juu kabisa kama bibi harusi.
Televisheni imekwenda. Boriti zimekwenda,
hata zile ganda. Madumu ndiyo usiseme.
Chini kabisa, peke yake, limekandamizwa,
godoro letu.

Twaha akapiga kelele mtaa mzima usikie:
elfu kumi na nane! Tumelipa elfu kumi na nane
tuchukuliwe choo cha watu!
Bi Zuena, kibarazani, hakuinua macho kwenye mchele wake.
Kitu kikilala ndiani, akasema, ni cha ndia.
Nikamtazama visigino.
Vilikuwa vyeupe kwa chokaa.
Sikusema neno. Yeye ndiye aliyemwosha mama.

Mutinda akaja, akalizunguka, akakuna kidevu,
akataka elfu mbili za ule ukingo.
Tukampa. Sanamu ikaondoka ikitupungia mkono
kila gari liliporuka shimo.

Juma moja baadaye, napita nyuma ya soko la samaki,
nikasikia mlio nyumbani mwa mtu.
Mlango wazi, msichana ameketi, magoti mbali mbali,
sinia chini, na nazi ikizunguka kiganjani.
Kra, kra, kisha kimya kidogo
pale pasipo jino, kisha kra.
Akaniona. Unamtafuta nani?
Nikasema, napita tu.
Lakini nilingoja mpaka akafika kwenye kifuu,
akaipindua nazi, akaigonga mara mbili,
akachukua kifuu cha pili.