Sharti la Tatu

Mlinzi wa msitu alikuja na daftari, si bunduki.
Sharti la kwanza: hakuna msumari kwenye mti.
La pili: hakuna moto, hata wa kiberiti.
La tatu likamtoka. Akakuna shingo,
akasema, "Nitalikumbuka mkishaanza."

Basi tukajifunza kufunga.
Siku kumi na tisa chini ya Kiboriani,
mianzi kwa mianzi, kwa katani na mipira ya baiskeli,
jukwaa likisimama kwa miguu yake lenyewe
kama mgeni asiyetaka kuegemea ukuta wa watu.

Nilitaka tembo.
Si mtu aliyeinama na kusukasuka mkono;
tembo wa kutembea, wa kimo cha mninga,
watu tisa tumboni, wawili kwenye mkonga.
Magunia tuliazima Kibakwe, kwa Chilewa wa mashine,
mia mbili na kumi na manne, kwa maandishi.
"Yarudi mazima," alisema. "Mimi silimi magunia."
Tulipoyakung'uta pumba zilitujaa puani,
tukapiga chafya kwa zamu, hata aliyelala.

Macho niliyachora mwenyewe, kwa lami na chokaa.
La kushoto nilikosea: likawa na huzuni.
Nyemo akaniambia liache hivyohivyo.
Nikaliacha, ila sikumsemesha hadi jioni.

Siku ya kumi na sita upepo ulimbeba.
Tulimkuta korongoni, kifudifudi mchangani,
mkonga umeelekea bondeni
kulikokuwa na maji mwezi wa nne.
Masagasi, fundi baiskeli, alimzunguka mara mbili.
"Mmemziba," akasema. "Kiumbe gani hana pa kupumulia?"
Tukafumua mishono ubavuni, uzi kwa uzi,
bila kukata gunia hata moja.

Usiku wenyewe zeze zilikwisha kulia,
ilimba nazo, na vumbi la wachezaji halijatua.
Nikainua mkono: taa!
Jenereta likakohoa, likakohoa tena,
likanyamaza kama mtu aliyekutana na anayemdai.

Giza la msituni lina uzito wake.
Nilisikia mteremko mzima ukivuta pumzi.
Nilisikia mtu akipapasa ndala.
Maneno yote niliyoyaandika kwa miezi mitatu
yalikuwa hapo kooni, na hayakunifaa.

Kisha akina mama wa muheme,
ambao zamu yao ilikuwa bado,
wakabana ngoma mapajani, wakaanza.
Hakuna aliyewaambia.
Na kutoka nyuma, kurunzi moja, ile ya doria,
ikapanda polepole juu ya majani
ikatua kwenye jicho la kushoto.

Wa bodaboda wakageuza pikipiki zao, wakawasha.
Tembo akaja.
Alipita katikati ya migunga bila kuigusa,
ubavu ukifunguka na kufunga, ukifunguka,
kivuli chake kikimtangulia mlimani.
Watoto waliokuwa mbele walirudi nyuma, wakarudi mbele.
Na hapo, mbele ya watu wote,
pumba zikafanya kazi yake:
tembo akapiga chafya.

Hilo halikuandikwa popote.
Bibi mmoja akasema, "Afya."
Wa pili akasema. Kisha safu, kisha mteremko wote:
afya, afya, kwa mnyama
ambaye milima hii haijamwona
tangu baba yangu hajabalehe.
Ndani ya tumbo, Nyemo alikuwa analia;
aliniambia baadaye, kana kwamba ni kosa.

Asubuhi mlinzi alikuja na daftari.
"Nimelikumbuka," akasema. "Msiache kitu."
Hatukuacha. Tuliokota hadi vipande vya uzi.

Chilewa alihesabu magunia mara tatu:
mia mbili na kumi na matatu.
Nikalipa la mwisho, mia nane, bila ubishi.

Juzi nilipita getini pa msitu.
Dirisha la kibanda cha mlinzi lina pazia jipya,
la gunia, limening'inizwa kwa kamba, bila msumari.
Linaniangalia.
Nilipunga mkono, nikaendelea na safari.