Silabi ya Mwisho

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja,
nikitoka zamu, viatu vyeupe bado miguuni,
napita nyuma ya stesheni ya Moshi
hadi lile ghala ambalo halina tena kahawa,
ila harufu yake imegoma kuhama.

Tuko saba. Fundi cherehani, mapacha wa Njoro,
karani wa mahakama, kijana anayekaanga chipsi Kiborloni,
Elirehema wa sauti nzito, anayejua kuwa ni nzito,
na mimi, muuguzi.
Miaka kumi na minne nimelipwa kunong'ona.

Mwalimu Mwanahawa hakuanza na maneno.
Alitulaza chali juu ya magunia,
akamwekea kila mmoja kitabu tumboni
(mimi nilipata cha hesabu za ushirika, kizito, kimeliwa na mende),
akasema: Kipandishe. Kishushe.
Mabega yalale. Mabega hayaigizi.
Wiki mbili tulipumua tu.
Mume wangu akauliza: Na hilo nalo mnalipia?

Kisha mshumaa.
Yeye mzaliwa wa Pangani; akaushika mbele ya midomo.
Paa, akasema, yule mnyama wa mbugani.
Mwali ukainama.
Paa, akasema, hili la nyumba.
Mwali haukujua kama kuna mtu.
Sisi wa mlimani tukatazamana.
Kwetu mnyama na bati hutoka kwa pumzi moja.
Nilizima mishumaa mitatu nikijaribu kuezeka nyumba.

Halafu ulimi, huu wangu mvivu,
uliozoea kujibanza nyuma ya meno
kama mgeni asiyejua aketi wapi.
Thelathini, si selasini. Utoe, hautaibiwa!
Dhahabu ya Dhahiri si zabibu za Zahiri.
Nikaenda nayo jikoni, nikamenya ndizi za mtori kwa mapigo yake,
binti yangu akaidaka kabla yangu,
akawa ananisahihisha huku mdomo umejaa.

Katika mchezo nina sentensi moja.
Moja.
Mlango umefungwa kwa ndani.
Naingia, naisema, natoka.
Siku ya kwanza mwalimu alisimama kule mwisho,
penye mzani wa zamani, mkono sikioni.
Umefungwa kwa nini? akauliza.
Kwa ndani.
Kwa nini?
Mapacha wakacheka. Sikulia. Nilitaka.

Akaja taratibu, kanga mabegani.
Hukukosa sauti, Aikande. Unaua silabi ya mwisho.
Wote mnaiua. Neno letu linaegemea ile ya kabla yake,
basi hii ya mkiani mnaiacha ifie njiani.
Na mtu wa safu ya nyuma kalipa sawa na wa mbele.
Mvua ikaanza kupiga bati.
Hakushindana nayo. Alingoja, akitazama dari,
hata ikachoka.
Wewe si muuguzi? akasema.
Kitanda cha mwisho wodini, huwa unakiruka?

Wiki iliyofuata zamu yangu ikawa ya usiku.
Vitanda ishirini na sita, taa moja mezani kwangu.
Cha mwisho, karibu na dirisha, Ndetaramo wa Kibosho,
mpira puani, sikio moja tu la kusikilizia.
Kila nesi alikuwa amemwambia, na kila mmoja
alirudi akisema: Yule hasikii.
Kwa wengine nilinong'ona kama nilivyofundishwa chuoni.
Kwake niliinama,
nikashusha pumzi mpaka pale kilipolala kitabu,
nikasema, bila kupaza:
Watoto wako wamefika. Wako nje. Wanangoja asubuhi.
Ka, nikaisindikiza.
Nje, nzima.
Hi, hadi ukutani.

Akakaa kimya kirefu.
Nilikwisha kushika faili, nimegeuka.
Asubuhi ya lini? akauliza.

Ya leo, nikamwambia.
Nikaimaliza o.